Mtoto wa Oswadi Haitwi Zinja

Mpendwa Dada Skolastika,

Nimeliandika jina lako zima, na nitaendelea kuliandika zima mpaka mwisho wa barua hii. Wenye haraka ya kusoma watanisamehe.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Nilitaka ipoe kwanza. Nikafua, haikupoa. Nikasahihisha madaftari ya darasa la sita, nikajikuta nawapiga watoto mikwaju ya kalamu nyekundu ambayo hawakustahili. Basi nimeona bora uipokee ya moto hivyo hivyo, maana wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukijua kunisikiliza nikiwa katika hali hii.

Mdogo wetu Oswadi amepata mtoto wa kike. Mzima, mnono, analia kwa sauti ya mtu mwenye haki zake. Na kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa nyumbani tangu tulipokuzika, hakuna aliyehitaji kukaa kikao: anarithi jina la shangazi yake. Ndiyo desturi yetu, na mimi siipingi hata kidogo. Nilinunua kitenge kipya, nikapanda gari la mizigo kutoka Mbinga, nikateremka nalo kona baada ya kona hadi Lituhi, na njia nzima nilikuwa nikitabasamu kama mwehu kwa sababu jina lako lilikuwa linarudi nyumbani. Nikaingia uani. Nikamkuta Mama ameketi kwenye mkeka, kichanga amelala mapajani pake, anamwimbia: Zinja wangu amerudi, Zinja wangu amerudi.

Zinja, Dada! Jina lile lile.

Wewe unakumbuka siku jina hilo lilipozaliwa kuliko mimi, lakini niache nilisimulie, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema hawajui lilitoka wapi. Ulikuwa darasa la tano, mimi la tatu, na ukuta uliotutenga haukufika juu. Mwalimu wenu wa historia alikuwa ametundika karatasi ya manila yenye picha ya fuvu. Nilimsikia akisema kwamba hili ni fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa zama za kale sana, limechimbuliwa kwenye bonde la Olduvai, huku huku nchini kwetu, na tujivunie. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Kisha akasema, tazameni magego yake, tazameni taya lilivyochomoza, hili lilikuwa taya la kuvunjia vitu vigumu. Akauliza ni nani darasani mwenye taya la namna hiyo. Hakuna mtoto aliyejibu, na ninataka jambo hilo likumbukwe: watoto walinyamaza. Ni yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye mshahara, aliyejijibu.

"Si huyo Skolastika, anayemenya muwa kwa meno!"

Darasa likaangua kicheko. Nani kati yetu hakumenya muwa kwa meno? Mwalimu alitegemea tumenye kwa nini, kwa mundu wa fedha?

Kufikia mapumziko ulikuwa Zinjanthropus. Lakini jina refu vile linachosha midomo ya watoto wanaocheza mdako, kwa hiyo kufikia saa ya kwenda nyumbani lilikuwa limekatwa, limebaki Zinja. Na jina likishakatwa likawa jepesi, halirudi tena.

Njiani uliniambia kitu kimoja tu. "Mama asijue." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema Mama akijua atakwenda shuleni kumshika mwalimu shati, na sisi bado tunasoma pale. Ulikuwa mtoto, lakini ulishapima yote hayo. Na Mama aliposikia wenzako wakikuita hivyo ufukweni, akauliza maana yake, ulimjibu bila kupepesa macho kwamba ni jina la shuleni, wamekupa kwa sababu una nguvu. Mama akafurahi. Yeye hakusoma, na kila kilichotoka shuleni alikiona cha maana, hata chaki. Kuanzia juma lile akaanza kukuita Zinja na yeye, kwa upendo wote wa moyo wake: Zinja mwanangu, lete kuni; Zinja mama, kula kwanza. Nawe ukawa unaitika. Mimi nilikuwa nakutazama usoni kila ulipoitika, na sikuwahi kuona kitu. Ulikuwa hodari wa kuficha kuliko ziwa.

Nilipokwenda chuo cha ualimu nikalitafuta neno lile kwa hamu ya mtu anayemtafuta mwizi wake. Nikakuta kwamba Zinji ni jina ambalo mabaharia wa kale waliipa pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, na hiyo sehemu ya pili ni Kigiriki, maana yake mtu. Mtu wa Zinji. Mtu wa huku kwetu! Si tusi hata kidogo, Dada. Tena nikakuta kwamba wataalamu baadaye walikaa, wakabishana, wakaona jina halikumfaa, wakalibadilisha, wakamhamishia kwenye kundi jingine la viumbe. Wakasema hata babu yetu halisi huenda si yeye, ni tawi la pembeni lililokauka. Nilisoma hayo maktaba nikatamani kupiga kelele. Fuvu lisilo na masikio limefikiriwa upya na watu wenye digrii, jina lake likasahihishwa. Wewe uliyekuwa unasikia, nani alikaa kikao kwa ajili yako?

Nalo fuvu lenyewe linatunzwa, linafungiwa, watu wanatoka mbali kuliona na kuvua kofia. Mtu aliyefananishwa nalo akabaki kuzomewa kisimani. Mimi hapo ndipo ninapokasirika hadi leo.

Halafu yakaja matangazo ya ndoa yako. Kaspari alikuwa ametoka kijiji cha Ruanda, kule juu milimani kwenye kahawa, mtu mpole asiyekujua kwa jina lolote isipokuwa lile ulilomwambia mwenyewe. Jumapili ya kwanza alishuka na mjomba wake, wakaketi mabenchi ya nyuma upande wa wanaume, mashati yamenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Katekista akasoma: Kaspari wa kigango cha Ruanda anataka kufunga ndoa na Skolastika Benedikto wa hapa Lituhi, mwenye kujua kizuizi aseme.

Watu wakaanza kutazamana. Ni nani? Wa nyumba ipi? Kisha Bibi Agata akasimama. Mzee yule wa chama cha akina mama, aliyekuwa akifagia kanisa kabla hatujazaliwa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele, amina."

"Padri, mimi sina ubaya na kijana wa watu. Lakini watoto wa hapa wote nimewabeba mgongoni. Huyo Skolastika Benedikto hapa Lituhi hayupo. Isije ikawa ni mwanamke wa ng'ambo ya ziwa, ana mume wake huko, anakuja kumdanganya kijana."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Alikuwa anakilinda kigango. Padri akavua miwani, akasema basi tusubiri, suala hili lichunguzwe. Nikamwona mjomba wa Kaspari akimnong'oneza Kaspari sikioni, na Kaspari akainamisha kichwa. Ndoa yako ilikuwa inavunjika mbele ya macho yangu, kwa sababu watu waliokula nawe miaka yote hawakujua unaitwa nani. Benedikto alikuwa baba yetu! Walimzika wao wenyewe!

Ndipo mtu mmoja upande wa kwaya akasema kwa sauti, "Jamani, si Zinja huyo!"

Kanisa zima likacheka. Padri akauliza, "Zinja ni nani?"

Nilitaka kusimama mimi. Ulinibonyeza goti, ukasimama wewe, umevaa gauni la rangi ya maziwa uliloazima, ukasema kwa sauti iliyofika nyuma kabisa.

"Ni mimi, Padri. Zinja ni mimi."

Wanasema ndoa ni kujitoa. Sikujua kwamba msichana anaweza kulazimika kujitukana kanisani ndipo apewe mume. Bibi Agata akapiga makofi: "Ahaa! Zinja wetu! Mngesema hivyo tangu mwanzo! Hakuna kizuizi, Padri, hakuna!" Vigelegele vikapasuka, na wa kwanza kupiga alikuwa Mama. Jumapili iliyofuata katekista, ili kuepusha usumbufu, akasoma: Skolastika Benedikto, ndiye Zinja. Akasoma hivyo altareni, na jua likaendelea kuwaka.

Nje ya kanisa Kaspari alikuuliza kama hilo ni jina la ukoo. Ukamjibu ni jina la shule. Akasema, "Basi shule imekwisha." Hakulitamka hata siku moja. Kwa neno hilo moja nilimpenda shemeji yangu kuliko ndugu zangu wengi.

Ruanda ilikupumzisha. Nilipokuja likizo niliona hata mwendo wako umebadilika. Kule ulikuwa Mama Remi, mke wa Kaspari, mwanamke wa ziwani ambaye wenyeji walimcheka kidogo mwanzoni kwa kutojua kuchimba ngoro. Ukajifunza. Uliniburuta hadi kwenye mteremko wa shamba lenu kunionyesha ngoro zenyewe, mashimo yaliyopangwa vizuri, nyasi zimefukiwa kwenye kingo zake na maharage yameota juu, ukasema, "Haya nimechimba mimi, na mvua haikuchukua udongo hata kiganja." Ulicheka ukionyesha meno yote. Sijui kama ulijua kwamba Lituhi ulikuwa ukicheka mkono uko mdomoni.

Kisha biashara ikafunguliwa. Zamani kahawa ilikwenda ushirika peke yake, na malipo yalikuja yanapotaka yenyewe. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, fedha mkononi, na penye fedha hapakosi samaki. Wanawake wa ziwani wakaanza kupanda milima na vikapu vya dagaa na mbasa wa kukausha. Watu wakasema haya ndiyo maendeleo, na kweli, hata mimi nilivaa mitumba mizuri kuliko ya waziri. Lakini na jina lako nalo lilipanda gari. Uliniambia lilivyokuwa: upo gulioni, umemshika Remi mkono, mara sauti kutoka nyuma ya dagaa.

"Zinja! Jamani, Zinja si huyu hapa!"

Alikukumbatia, akakuongezea dagaa, akakuuliza habari za uzazi. Hakuwa na kinyongo chochote. Na Remi akauliza, "Mama, Zinja ni nani?"

Msimu ule haukuisha, jina likawa limeenea. Nilipokuja tena nilikuta watoto wa Ruanda, watoto wenye adabu, wanaweka mizigo chini, wanakunja magoti na kusema, "Shikamoo, Mama Zinja." Shikamoo na tusi kwenye sahani moja! Nilitaka kuwakimbiza na fimbo. Wewe ukaitikia marahaba, ukaniambia niwaache, hawana nia mbaya.

Hawana nia mbaya! Nimelisikia neno hilo mpaka limenitoka puani. Mwenye jipu hajali kama aliyemkanyaga alikuwa anakwenda kanisani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wazee, na hawakuongeza kwamba usaha hautoki kama mzaha ulikuwa na nia njema.

Mwalimu yule nilimwona, Dada. Sijakusimulia bado. Aliacha chaki kama wengi walivyoacha, siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi Mbinga mjini. Nilikwenda kununua misumari, nikajitambulisha, nikamwuliza kama anamkumbuka mtoto aliyempa jina la Zinjanthropus. Akafikiri, akacheka kwa furaha ya kweli. "Kumbe jina bado linadumu!" Alifurahi kama mtu aliyeambiwa mti alioupanda umezaa. Nikamwambia amefariki. Akabadilika uso, akashika kifua, akasema, "Zinja amefariki? Pole sana, mwanangu."

Hata katika pole! Niliiacha misumari yake juu ya meza nikatoka. Mkuki kwa nguruwe.

Na mimi kila mwaka nafundisha somo lile lile, maana limo kwenye mtaala. Siku hizi neno limeenea mno: asiyejua video ni Zinjanthropus, aliyevaa katambuga ni zamadamu, anayelima kwa jembe la mkono naye ni wa Olduvai. Kwa hiyo nikitundika tu picha, naona macho ya watoto yanaanza kuzunguka darasani kumtafuta wa kumpa. Nawawahi. Nawaamuru kila mmoja ashike taya lake mwenyewe, alipapase mpaka kwenye sikio, mimi nikiwa nalishika langu. Tunakaa hivyo. Kisha naendelea kufundisha.

Sasa turudi kwenye mkeka wa Mama, maana hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nakuandikia kukwambia.

Nilimsalimia Mama, nikampokea mtoto, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtoto huyu anaitwa Skolastika. Haitwi Zinja."

Oswadi alikuwa anashona wavu barazani. Akasema, "Dada Leokadia umeanza. Nani hapa hakumpenda Zinja? Msiba wake watu walitoka mpaka Liuli, walimlilia kwa jina lipi? Tukisema Skolastika, nani atajua ni yeye amerudi?"

"Unajua maana yake?"

"Najua, nimesoma. Lakini maana yake ilishakufa. Hakuna mtu anayekumbuka habari za picha."

"Mwanao atakumbuka. Atafika darasa la tano, mwalimu atatundika ile picha ukutani, na jina lake litaandikwa chini yake. Atageuka amwulize nani, wewe au mimi?"

Oswadi akaacha sindano. Mkewe Yustina, ambaye ni wa Mbamba Bay na hakuyajua haya, alinyoosha mikono akamchukua mtoto kutoka kwangu. Na hapo Mama, ambaye tulikuwa tumemsahau, akauliza.

"Picha gani?"

Dada, nilikumbuka agizo lako. Mama asijue. Umelibeba tangu utotoni, umelibeba kanisani, umelibeba mlimani, ukaingia nalo kaburini, ili mwanamke huyu mmoja asijue. Nami nilikuwa na nafasi ya kusema, si kitu Mama, ni mambo ya shule. Uongo wenyewe ulikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama yule mtoto. Taya lake ni lako, wala sidanganyi. Ni lako kabisa.

Nikasema. "Zinja ni fuvu, Mama. Fuvu la kiumbe wa kale sana, nusu mtu. Mwalimu alitundika picha yake darasani, akasema linafanana na Skolastika. Ndipo wakaanza kumwita hivyo."

"Fuvu la maiti?"

"Ndiyo, Mama."

Dagaa walikuwa wameanikwa mbele yake, kuku akaja akadonoa, na hakumfukuza. Unamjua Mama na kuku.

"Nimemwita mwanangu fuvu la maiti," akasema taratibu, kama mtu anayejaribu kama sentensi itashika. Kisha akanigeukia. "Yeye alijua?"

"Alijua, Mama. Tangu siku ya kwanza."

"Alijua, na alikuwa ananiitikia?"

Oswadi alikuwa analia na wavu mkononi. Yustina akasema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe ni Skolastika, na atakayemwita vingine asikanyage kwake. Nilichokuja kukitafuta Lituhi nikawa nimekipata. Mtoto yuko salama, Dada, na kama unanilaumu kwa kuvunja agizo lako, nilaumu, nimekubali.

Lakini nilipokuwa naaga Mama alinishika kitenge. Tangu ufe amekuwa akikulilia kila akiamka, nje kabisa, anaangalia upande wa Ruanda na anakuita kwa sauti. Alikuwa na jina moja tu la kukuita. Akaniuliza, "Sasa nimlilie kwa jina gani, Leokadia?"

Nikamtamkia lako. Akajaribu, likamkwama. Akajaribu tena.

Pumzika, Skolastika Benedikto.

Mimi mdogo wako,
Leokadia